Ya soda au ya shamba?

Kidole gumba chake kilikuwa kimeshalowa wino nilipomsikia akiuliza: "Mjukuu wangu, hii ni ya soda au ya shamba?"

Nilicheka. Nyuma yake kulikuwa na foleni ndefu, jua la saa tisa lilikuwa likiunguza uwanja wa shule, na barafu kwenye kreti za soda ilikuwa imebaki maji. "Ni ya mahudhurio tu, bibi," nikamjibu. Nikakishika kidole chake, nikakikandamiza mbele ya jina lake. Akapokea soda yake na mandazi mawili, akaenda kukaa chini ya mwembe na wenzake.

Ilikuwa mwaka 2017. Nilikuwa nalipwa kwa siku kushika daftari na kutafsiri kwenye mikutano ya tathmini ya athari za mradi wa umeme wa upepo, mahali fulani bara ya pwani ya Kenya. Kampuni siitaji, wala kijiji. Mradi wenyewe haukusimamisha hata mnara mmoja, na watu wa pale wana mambo yao ya kushughulikia kuliko kuandikwa na mimi. Ninachotaka kusimulia ni lile daftari.

Kinachoniuma ni kwamba sikuwa mgeni wa mambo hayo. Mimi ni mtu wa Amu, yaani Lamu, mtoto wa mvuvi. Miaka michache kabla ya hapo hakukuwa na mazungumzo mengine barazani kwetu isipokuwa makaa ya mawe. Kiwanda cha umeme cha megawati 1,050 kilikuwa kimepangiwa Kwasasi, upande wa bara, na makaa yangeletwa kwa meli. Baba hakujua megawati ni mnyama gani, lakini maji ya moto aliyajua, na mitambo ile ingevuta maji ya bahari ijipoze kisha iyarudishe yakiwa na joto. Kwa mtu ambaye maisha yake yote yalikuwa kuvua kamba na taa na changu wa mikokoni, hapo hapakuhitaji mtaalamu. Isitoshe, wavuvi walikuwa mahakamani tangu 2012 kwa ajili ya bandari mpya ya Manda. Kesi hiyo waliishinda 2018: Mahakama Kuu ilisema haki zao zimevunjwa, ikiwemo haki ya kupewa habari na haki ya mazingira safi, ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600.

Basi nilikuwa miongoni mwa vijana waliosema hapana. Tulikwenda nyumba kwa nyumba, mitaa ya Mkomani na Langoni, tukieleza majivu ni nini na yanatupwa wapi. Nilijiona mtetezi wa haki za watu, na sikuona haya kujiona hivyo.

Ndipo ikaja kazi ya upepo. Upepo! Hauna moshi wala majivu, hauchemshi bahari. Majahazi yamekula kwa upepo huo huo miaka na miaka, nani aukatae? Rafiki yangu mmoja aliponiunganisha na washauri wale, niliona nimepata riziki na thawabu kwa mpigo. Sikuuliza swali hata moja kati ya yale niliyokuwa nikiyauliza Amu. Nilipofikiri baadaye, niliona kwamba usafi wa upepo ndio ulioniziba macho. Mtu akija na makaa unamkagua mpaka mifukoni. Akija na upepo unamkaribisha ndani kabla hajavua viatu.

Siku ya kwanza ya kazi tulipewa maelekezo ndani ya gari. Msimamizi wetu alikuwa bwana mpole, mcheshi, hakuwa mtu mbaya. Hili nalisema kwa sababu wasomaji hupenda kusikia kwamba alikuwepo shetani. Hakuwepo. Alinikabidhi karatasi za Kiingereza na kunionyesha mahali palipoandikwa kuhusu watu watakaoguswa na mradi. "Hapa usitie waathiriwa," akaniambia. "Utawatia hofu bure. Sema walengwa."

Nikasema walengwa. Siku ile yote nilisema walengwa: walengwa watajulishwa, walengwa wataorodheshwa, walengwa watapewa nafasi ya kwanza ya vibarua. Anayesikia Kiswahili anajua neno hilo limekaa wapi siku hizi. Mlengwa ni yule anayepelekewa msaada, chandarua, mbegu, cheki ya wazee. Mkutano mzima ulidhani umepelekewa kitu. Hakuna aliyesikia kwamba baadhi yao wangehama, kwamba barabara za kupitisha mapanga ya mitambo zingekata mashamba, kwamba chini ya nyaya za umeme mkubwa hapajengwi nyumba. Yote yalikuwemo kwenye zile karatasi, na mimi niliyasoma kwa sauti. Ila niliyasoma kwa lugha ya chandarua. Miaka imepita na bado najiuliza kwa nini masikio yangu, ambayo ni ya Kiswahili tangu tumboni, hayakushtuka. Mlengwa ndiye anayelengwa. Hata swala ni mlengwa.

Na waliokuwepo pale ni kina nani? Daftari langu lilikuwa na safu nne: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, sahihi. Asiye na kitambulisho sikumwandika, na asiyeandikwa hakupata soda, kwa hiyo wasio na vitambulisho walisimama pembeni wakitutazama, kisha wakaondoka. Wanawake walikaa nyuma, na ilipogonga saa kumi wengi walinyanyuka kwenda kupika. Maswali yalianza saa kumi na robo. Mashamba mengi yalikuwa kwa jina la mume, hata pale mume alipokuwa amekufa zamani, na wajane waliniandikia jina la marehemu wakidhani ndilo linalotakiwa.

Wafugaji ndio hawakuwepo kabisa. Ulikuwa mwezi wa pili, kiangazi kimekaza, wenye ng'ombe wamefuata maji na majani mbali sana. Uwanda ule wenye upepo mzuri ndio malisho yao mvua zikinyesha. Katika ramani ya mradi ulipakwa rangi ya manjano, na pembeni pakaandikwa kwa Kiingereza maneno yenye maana ya ardhi isiyotumika. Mzee mmoja alinyoosha mkono akasema, "Hawa mnaowatafuta hawapo, rudini mvua ikinyesha." Nikatafsiri. Msimamizi akaandika. Hatukurudi.

Hapo lazima nieleze kidogo habari ya ardhi ya pwani, maana mtu wa mbali anaweza kudhani watu wale walikuwa wazembe tu kutokuwa na hati. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilileta sheria ya kuandikisha ardhi katika ukanda wa pwani. Mwenye madai alitakiwa ayapeleke, ayathibitishe, apimiwe. Wengi hawakuisikia, au walisikia wakati muda umekwisha, au hawakuamini kwamba shamba la babu linahitaji karatasi ya Mzungu. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Taji la Uingereza, uhuru ulipokuja ikawa ya serikali, na wajukuu wa wenyewe wakaamka wanaitwa maskwota. Katiba ya 2010 inazungumza habari ya ardhi ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ikaja 2016. Lakini jamii lazima iandikishwe kwanza, na uandikishaji unakwenda mwendo wa kobe. Mradi wa nishati una mkopo na tarehe za benki. Unamtangulia kobe bila jasho.

Kwa hiyo bibi yangu wa kidole gumba hakuwa akiuliza upuuzi. Familia yake ilishapoteza shamba mara moja kwa karatasi.

Tarehe 26 Juni 2019 nilikuwa Amu. Baraza la Kitaifa la Mazingira, lile linalosikiliza kesi za mazingira, lilitoa uamuzi wake kuhusu kiwanda cha makaa: leseni iliyotolewa 2016 imefutwa. Mji ulizizima kwa furaha, watu wakakumbatiana njiani, bendi ya vijana ikapita ufuoni. Kesi ililetwa na Save Lamu, muungano wa vikundi vya wenyeji, pamoja na wenzao, na wengi wetu tulikuwa tumewachangia walau nauli. Usiku nilipata nakala ya hukumu kwenye simu. Nikajilaza darini kwetu nikaisoma.

Nilitaraji nisome habari za moshi, na zilikuwemo. Walisema pia kwamba Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 haikuzingatiwa ipasavyo. Lakini kilichobeba uzito mkubwa ni ushirikishwaji wa umma. Baraza liliona kwamba mikutano iliyotajwa ilikuwa ya kujitambulisha, ilifanyika kabla utafiti wa athari haujakamilika, na utafiti ulipokamilika watu hawakurudiwa wakaelezwa yaliyopatikana ili watoe maoni. Huwezi kusema umemshauri mtu juu ya jambo ambalo hujamwambia.

Nikaacha kusoma, nikakaa kitako. Nilikuwa nasherehekea hukumu iliyosema kwamba kazi niliyoifanya mimi mwenyewe 2017 haikuwa kazi. Mkutano mmoja, soda, daftari, hatukurudi. Tofauti pekee ni kwamba huku ni makaa na kule ni upepo, na ndani ya hukumu sikuona mahali palipoandikwa kwamba upepo umesamehewa.

Wiki mbili baadaye nilikwenda kwenye ofisi moja ya serikali nikaomba kuona ripoti ya ule mradi wa upepo. Sheria inakuruhusu, kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari. Nilizungushwa siku tatu, njoo kesho, aliye na ufunguo ametoka. Siku ya nne nikaletewa kitabu kinene kama msahafu mkubwa wa msikitini, chote Kiingereza. Nyuma kulikuwa na viambatisho, na katika kiambatisho kimojawapo nikauona mwandiko wangu. Kurasa zangu zilikuwa zimepigwa picha moja moja, na juu ya ukurasa wa kwanza pamepachikwa kichwa ambacho siku ile hakikuwepo. Kwa Kiswahili maana yake ilikuwa: ushahidi wa mashauriano na uungaji mkono wa jamii.

Nikamtafuta bibi. Alama ya gumba ilikuwa nzuri, mistari yote inaonekana.

Sijui ningefanya nini kama mradi ungekuwa unaendelea kwa kasi. Huenda ningenyamaza, nilikuwa na mke mjamzito na washauri walikuwa wameniahidi kazi nyingine. Lakini wakati huo mambo yalikuwa yamesimama kwa sababu zao za fedha, na ujasiri wangu ulinijia kwa urahisi. Nilipiga picha kurasa zile, nikapanda matatu, kisha bodaboda, nikaenda kijijini.

Nilimkuta bibi anapukuchua mahindi. Nilimsalimu, nikakaa kwenye mkeka, nikamwonyesha simu. Hasomi, lakini kidole chake alikijua. "Ee," akasema, "huyu ni mimi." Nikamsomea kile kichwa. Akanyamaza kitambo, mahindi yakidondoka kwenye ungo, halafu akaniambia bila hasira: "Kumbe ilikuwa ya shamba."

Nimetukanwa na watu wengi maishani, hakuna tusi lililoniingia kama maneno yale manne.

Jioni ile walikusanyika watu kama ishirini hivi, bila soda. Niliwasomea ripoti kwa taa ya simu, sura ya athari kwanza, na safari hii nikasema waathiriwa. Palikuwa na ubishi. Kijana mmoja alikuwa akiutaka mradi kwa nguvu zote, na hoja yake sikuweza kuijibu: nyaya za umeme mkubwa zinapita kilomita chache kutoka hapo na wao wanachaji simu kwa shilingi ishirini kwenye duka lenye sola moja, zahanati inazalisha wanawake kwa tochi. "Nyinyi wa Amu mna stima," aliniambia, "mnaweza kuchagua." Wengine walitaka upepo uje lakini ardhi ikodishwe, isiuzwe. Wengine hawakuutaka kabisa. Wafugaji wawili waliokuwepo, maana mwezi ule ng'ombe walikuwa wamerudi, walitaka kujua jambo moja tu: je, patawekwa ua? Katika kurasa zote zile sikuona jibu la ua.

Nilijifunza jioni ile kwamba watu hawa hawakuwa na kauli moja ambayo mtu angeweza kuiweka kwenye kiambatisho. Walikuwa na mashauri ya kufanya. Ripoti iliwapa sauti moja ya kuunga mkono. Mimi nilipokuwa njiani nilikuwa nimewapa sauti moja ya kupinga. Wote wawili tuliwasemea.

Tuliandika barua, si ya kukataa wala kukubali. Waliorodhesha maswali yao, kila swali na jina la aliyeliuliza, wakataka yajibiwe kwa Kiswahili, kwa mdomo, mvua zikiwa zimenyesha. Barua ilipelekwa na kugongwa muhuri. Jibu halikuja, na mwaka uliofuata tukasikia kampuni imekunja virago. Kama barua ilichangia, sina ushahidi. Nadhani haikuchangia.

Tangu hapo nimekuwa nikifuatilia habari za miradi ya aina hii kama wengine wanavyofuatilia mpira. Kinangop, mradi wa upepo wa megawati 60 ulikufa 2016 baada ya wakulima kugoma na maandamano yaliyomwaga damu. Marsabit, ule mradi mkubwa wa Ziwa Turkana wenye mitambo 365 na megawati 310 unafanya kazi na unalisha nchi, lakini Oktoba 2021 mahakama ya ardhi iliyokaa Meru ilisema hati za ardhi yake, ekari 150,000, zilipatikana bila kufuata sheria. Olkaria, Wamaasai waliohamishwa 2014 kupisha mitambo ya jotoardhi walilalamika mpaka kwenye meza za Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, wakarudishwa kwenye upatanishi. Upepo, upepo, mvuke. Hakuna hata mmoja kati yake unaochoma makaa. Na umeme wa Kenya sehemu kubwa sana ni wa aina hiyo, jambo ambalo wakuu wetu hulisema kwa fahari kwenye mikutano ya tabianchi, na wana haki ya kujivunia. Ningependa siku moja wanapolisema, aliyeshikilia daftari awe amesimama karibu.

Kuna maneno niliyojifunza baadaye, ya mikataba: ridhaa ya hiari, ya mapema, yenye taarifa. Yamo katika Azimio la Umoja wa Mataifa la 2007 kuhusu haki za watu wa asili, ambalo Kenya ilijizuia kulipigia kura. Nilipomtafsiria bibi alisema hayo mbona ndiyo ya posa. Kwao mtu akija kuposa hapewi jibu siku ileile, hata akija na ng'ombe. Anaambiwa nenda, tutaulizana. Binti anaulizwa. Mjomba aliye safarini anasubiriwa. Na aliyekula wali wa wageni hajakubali kitu. Amekula wali tu.

Bado nafanya kazi ya kutafsiri. Nimefukuzwa mara mbili, kwa adabu. Nikiitwa nasema mapema kwamba chakula nitakigawa mwanzo, kabla daftari halijafunguliwa, ili aliyekuja kwa njaa ale aende zake. Kichwa cha ukurasa kiandikwe kabla ya jina la kwanza, nacho nitakisoma kwa sauti. Asiye na kitambulisho nitamwandika jina na la baba yake. Wengine huona naleta ujuaji. Msimamizi mmoja aliniambia mambo haya yatachelewesha mapambano dhidi ya mabadiliko ya tabianchi. Nilimwambia mwaka 2016 hadi 2019 nilikaa kwenye kisiwa kinachongojea kumezwa na bahari, kikipigana na makaa. Haraka ninayo kuliko yeye.

Mwaka juzi kampuni nyingine ilifika kijijini, safari hii ya sola. Mimi sikuhusika, nilikwenda kama mgeni wa bibi, ambaye sasa haoni vizuri na husindikizwa na mjukuu wake wa kike aliyemaliza kidato cha nne. Hakuna daftari siku hizi. Kijana mtanashati alipita na tableti, unaandika jina kwa kidole kwenye kioo. Alipowafikia, yule binti aliishika tableti kwa mikono miwili, akaanza kuisukuma juu kwa kidole, juu tena, juu tena.

"Dada, ni hapo chini tu unatia sahihi," kijana akamwambia.

"Natafuta kichwa," binti akasema.

Kijana akatuangalia, akaangalia foleni, akaomba radhi, akatoka nje kupiga simu. Tulimsikia kwa muda akieleza mtu fulani, kwa Kiingereza, kwamba wanauliza pameandikwa nini juu. Bibi alikuwa ameshamaliza soda yake.